Shoka Kuukuu, Mpini Mpya

Kwenye mabanda ya vyuma chakavu ya Gerezani, Dar es Salaam, na kule Gikomba, Nairobi, shoka lililovunjika mpini halihesabiwi tena kuwa shoka. Ni kilo moja na nusu ya chuma. Hulala chini pamoja na springi za gari, nati na vipande vya nondo, na bei yake ni ile ile ya mizani. Mteja anayejua anachotafuta huliokota, akaligeuza, akakwangua kutu kwa ncha ya msumari, na mara moja moja hukuta herufi zilizogongwa shavuni: Elwell, Brades, Gilpin. Hayo ni majina ya viwanda vya Uingereza ya kati vilivyofua zana na kuzisafirisha kwa meli hadi kwenye makoloni. Elwell wa mji wa Wednesbury alianza kazi hiyo mwaka 1817. Mteja akikuta alama ya mamba, hiyo ni ya Chillington wa Wolverhampton, ambayo wakulima wa Afrika Mashariki wameizoea zaidi kwenye majembe.

Mashoka mengine hayana herufi hata moja. Huenda yalifuliwa papo hapo mtaani na mafundi wa jua kali kutokana na springi ya lori, na si ya kudharau. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha, karibu asilimia 0.6, kiasi kinachokiwezesha kuwa kigumu kikipashwa moto na kuchovywa, na bado kikastahimili mshindo. Shoka la namna hiyo likitengenezwa vizuri litamtumikia mtu hadi wajukuu wake walirithi.

Kwa hiyo la kuulizwa si shoka limetoka wapi, bali limetendewa nini. Kutu ya miaka ishirini hutoka kwa siku moja. Ufa hautoki, na madhara ya moto hayatoki kwa tupa wala kwa siki. Haya mawili ndiyo ya kuchunguza kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Kukagua kabla ya kulipa

Tazama kwanza tundu la mpini. Mashoka mengi huharibika kwa sababu mwenyewe aliyageuza nyundo: alipigilia kabari za chuma kwa kisogo, yaani ule upande bapa wa nyuma, au shoka lilinasa kwenye gogo akaligonga kisogoni kwa nyundo kubwa. Kisogo kikipigwa hivyo hufunguka kingo zake kama uyoga, na mashavu ya tundu, ambayo ndiyo membamba kuliko sehemu nyingine zote, hupanuka. Kingo zilizofunguka huondolewa kwa tupa. Tena ni lazima ziondolewe, maana vipande vya hapo ndivyo vinavyoruka na kumwingia mtu jichoni. Tundu lililopanuka kidogo linavumilika. Ufa hauvumiliki.

Kuna nyufa zisizoonekana kwa macho. Lining'inize shoka kwa kamba na uligonge kwa bisibisi. Lililo zima hulia kwa mlio mrefu, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Ukibaki na shaka, tafuta mafuta ya taa na chaki ya ubaoni. Paka mafuta kuzunguka tundu, yaache yapenye kwa muda wa saa moja, futa mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatapanda na kuchora mstari kwenye ule weupe. Karakana za reli zilikagua vyuma vyake kwa njia hii kabla ya kuja dawa na mashine za kisasa, na kwa tundu la shoka inatosha hadi leo.

Kuhusu moto inabidi kueleza kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mashoka mazuri yanapopotea bila mwenyewe kujua.

Anayefua shoka hupasha sehemu ya makali mpaka ikawa nyekundu, akaichovya ghafla, chuma kikawa kigumu lakini tete. Kisha huipasha tena kwa joto dogo ili kuondoa ule utete. Joto hili la pili ndilo linaloamua tabia ya makali, na kwa feleji ya kawaida huwa baina ya nyuzi 200 na 300 za Sentigredi. Likizidi hapo ugumu hupungua, wala haurudi chuma kikipoa. Sasa fikiria desturi iliyozoeleka vijijini na mijini: mpini umevunjikia ndani ya tundu, basi shoka linatupwa kwenye mafiga usiku ili kipande cha mti kiungue chenyewe. Makaa ya jikoni hupita nyuzi 600 bila taabu. Asubuhi tundu li tupu kama ilivyotakiwa, na makali yamekuwa chuma laini kitakachojikunja kwenye fundo la kwanza la mkaratusi.

Tupa mpya ndiyo inayotoa siri hiyo. Isukume taratibu juu ya makali, kisha juu ya shavu karibu na tundu. Kwenye makali inapaswa kung'ata kwa kusitasita, na kwenye shavu ing'ate kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kwa kawaida ni makali tu yanayogumishwa. Ikiteleza kwenye makali bila kung'ata hata kidogo, chuma ni kigumu kupita kiasi na kitamegeka. Iking'ata kote kwa wepesi ule ule, shoka hilo limepita motoni. Si lazima liachwe, lakini kazi yake haianzi kwa tupa. Inaanza kwa mhunzi, aliyezoea kupasha na kuchovya, na gharama yake iingizwe kwenye hesabu wakati wa kupatana bei.

Jambo jingine ni umri. Mashoka ya zamani sana, ya karne ya 19 na mwanzoni mwa ile iliyofuata, mara nyingi yalikuwa na mwili wa chuma laini, na feleji ikaunganishwa mbele tu, kwenye makali. Shoka kama hilo likinolewa miaka mingi feleji huisha, kikabaki chuma kisichoshika makali. Ukiona makali yamerudi nyuma sana kuelekea tundu, kuwa na wasiwasi. Siki ya kuondolea kutu, tutakayoifikia punde, huonyesha mpaka wa vyuma hivyo viwili: feleji huwa nyeusi zaidi, chuma laini hubaki cheupe kidogo.

Kutoa kipande na kutoa kutu

Kipande cha mpini kilichobaki ndani hakihitaji moto. Kata mti kwa msumeno sawasawa na chini ya tundu, toboa matundu kadhaa ya drili kwenye mti uliobaki ili upoteze nguvu, kisha usukume kwa kipande cha nondo na nyundo. Mwelekeo ni muhimu: usukume kutoka upande wa chini, ulipoingilia mpini, kuelekea juu. Tundu la shoka huwa pana zaidi juu, na ndiko kabari ilikoutanua mti. Anayesukuma kutoka juu anaukaza badala ya kuutoa. Msumari au kipande cha bati kikikutana na drili, kizungukie. Vya namna hiyo havikosekani kwenye mpini uliowahi kutengenezwa na mtu mwenye haraka.

Kwa kutu, siki ya kawaida ya dukani inatosha. Ina asidi ya kiasi cha asilimia 5. Iweke kwenye ndoo ya plastiki, lizamishe shoka lote, na liache siku moja. Ukilitoa, sugua kwa brashi ya waya chini ya maji, na kutu itatoka kama tope jeusi. Kama imebaki sana, rudisha kwa saa chache, lakini usilisahau humo wiki nzima, kwa sababu siki ikimaliza kutu hula chuma. Pwani watu wamezoea kung'arisha vyombo vya shaba kwa ndimu au ukwaju, na asidi zake hufanya kazi hata kwenye chuma, ila kwa shoka zima utahitaji ukwaju wa kuwatengenezea juisi wageni wa harusi. Siki ni nafuu.

Baada ya hapo asidi izimwe. Koroga magadi kwenye maji, osha shoka lote pamoja na ndani ya tundu, suuza, kausha juani mara moja na upake mafuta kabla hujaenda kula. Chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu mpya ya rangi ya machungwa ndani ya dakika chache, hasa kwenye unyevu wa Tanga au Mombasa.

Kitakachobaki ni chuma cha kijivu chenye madoa meusi. Kiache hivyo. Wako wanaolipeleka shoka kwenye grainda ili ling'ae kila upande, wakafuta herufi za kiwanda na kupunguza unene wa mashavu, yote kwa ajili ya mng'ao utakaokwisha mvua ya kwanza.

Makali

Grainda inafaa kwa milango ya chuma. Kwenye makali ya shoka inachoma kabla mshikaji hajatambua: ukingo ni mwembamba, joto halina pa kukimbilia, na mara rangi ya bluu inatokea, ishara kwamba chuma kimefika karibu nyuzi 300. Palipogeuka bluu pamelainika. Mnoaji wa mitaani mwenye jiwe la kuzungushwa kwa pedali za baiskeli ni salama zaidi, kwa kuwa jiwe lake huzunguka polepole. Hata hivyo mwombe awe na kikopo cha maji, na kila baada ya mizunguko michache achovye. Kipimo ni kidole: ukishindwa kuligusa shoka, limekwisha pata moto kupita kiasi.

Lakini tupa inamtosha mtu wa nyumbani. Tafuta bapa ya sentimita 25, yenye mpini wake, kwa sababu mkia wa tupa isiyo na mpini hutoboa kiganja. Libane shoka kwenye jiliwa au kwa klampu ukingoni mwa meza, vaa glovu, na usukume tupa upande mmoja tu, ikirudi, inyanyuliwe. Tupa hukata ikienda mbele. Kuiburuta nyuma kunaua meno yake bila faida. Ikijaa vumbi la chuma, ipake chaki, nayo haitashika uchafu haraka.

Pembe ya jumla ya makali iwe nyuzi 25 hadi 30. Kata kipande cha boksi chenye pembe hiyo, kama mdomo wa ndege uliofunguka, uwe unakivisha kwenye makali kila baada ya muda. Vitabu vya ng'ambo hupendekeza pembe nyembamba kwa misonobari na miti mingine laini. Anayepasua mkaratusi mkavu au kukata mgunga asiviige. Aelekee 30 au azidi kidogo. Na uso wa makali usiwe bapa kabisa wala usiwe na shimo. Uwe na mbinuko mdogo, ambao hulisukuma tonge la mti pembeni ili shoka lisinase.

Endelea upande mmoja hadi usikie kwa kidole kijiuzi chembamba cha chuma kilichojikunja upande wa pili, kisha geuza. Mapengo madogo hayana haja ya kufukuzwa yote siku ya kwanza. Yataisha yenyewe kadiri shoka linavyonolewa. Malizia kwa jiwe la kunolea, upande wa kukwaruza kwanza kisha ule laini, kwa kuzungusha jiwe juu ya makali. Mkanda wa zamani wa ngozi huondoa kijiuzi kilichobaki.

Mti wa mpini

Hapa fundi mwenye pupa hujulikana. Ameshughulika na chuma siku mbili, halafu anakata fito ya kwanza anayoiona uani, anaichomeka ingali mbichi, na jioni hiyo hiyo anapasua kuni. Baada ya wiki mbili shoka linacheza.

Sababu yake ni kwamba mti unapokauka hupungua unene lakini haupungui urefu. Mpini mbichi ulioingia kwa kubana utakauka ndani ya tundu, utasinyaa pande zote, na nafasi itabaki. Ndipo linapotafutwa suluhisho maarufu la kulilaza shoka kwenye ndoo ya maji usiku. Asubuhi limekaza kweli. Lakini mti uliovimba ndani ya chuma kisichotanuka hujiponda wenyewe, nyuzi zake zikavunjika, na ukikauka tena unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kuloweshwa. Kila ndoo ya maji inazidisha kulegea. Misumari iliyopigiliwa juu inapasua mti, na kipande cha tyubu ya baiskeli kilichozungushwa kwenye mpini kinabonyea kila pigo, shoka likazidi kupata nafasi ya kutikisika. Ni tiba za kumfikisha mtu jioni.

Kwa mashoka ya Marekani mti wenye sifa ni hikori. Huku kwetu hauoti, wala hakuna haja ya kuutamani. Mkole ni mgumu na unapinda bila kukatika, ndiyo maana mafundi wa sehemu nyingi za Tanzania huutumia kwa mipini. Mzeituni mwitu wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania ni mzito na imara. Kwa mtu asiye na msitu karibu, jibu lipo shambani: mpera. Tawi lake nene lililonyooka hutoa mpini mgumu unaovumilia mshindo, na hakuna anayehitaji kibali kukata mpera wake. Mkaratusi unafaa ukichaguliwa vizuri, ila una tabia ya kupasuka ukikauka, na mvinje ni hivyo hivyo. Mgrivelia huvunjika ghafla. Mwembe na mparachichi ni kuni. Mninga na mtiki ni mbao nzuri za kabati na milango, si za kupokea mapigo. Mpingo, mzito kiasi cha kuzama majini, unafaa zaidi kwa wachongaji na watengenezaji wa klarineti; kwa mpini mrefu unachosha mikono, na kuuvuna kunataka leseni.

Baada ya aina ya mti, kinachoamua uhai wa mpini ni mwelekeo wa nyuzi zake. Zinapaswa kwenda sambamba na mpini mwanzo hadi mwisho. Zikikatiza na kutokea ubavuni, ndipo mpini utakapovunjika, na utavunjika kwa mchongoko mrefu unaoweza kuchoma. Njia ya hakika ya kupata nyuzi zilizonyooka ni kupasua gogo kwa kabari badala ya kulichana kwa msumeno. Msumeno hupita popote unapoelekezwa, lakini ufa hufuata nyuzi. Chukua gogo fupi lisilo na mafundo, la unene wa paja, lipasue vipande vinne, na uache nje kile kiini cha katikati kabisa, ambacho hupasuka mti ukikauka. Sehemu laini ya nje, karibu na gome, ichunguzwe pia. Kwa miti mingi ya kwetu ndiyo hubunguliwa na wadudu.

Paka ncha mbili za kila kipande rangi ya mafuta au nta ili zisikauke haraka na kupasuka, viweke kivulini penye upepo, na uwe na subira ya miezi. Kanuni ya mafundi seremala ni mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Kwa mpini waweza kupunguza kwa kuuchonga mnene kwanza na kuumalizia baadaye. Wiki za mwisho uning'inize juu ya jiko la kuni, kwenye uchaga, hasa ile ncha itakayoingia tunduni. Mti ulioingia mkavu kuliko hewa ya nje utavimba kidogo ukishakaa ndani, na uvimbe huo mdogo unakufanyia kazi. Ncha hiyo ikauke kwa joto la kiasi, isibabuke.

Kichwa cha kilo moja na nusu kinataka mpini wa sentimita 75 hadi 90, kutegemea kimo cha mtu na kazi. Wa kuchanjia kuni nyumbani uwe mfupi kidogo. Shoka dogo la mkono mmoja linatosheka na sentimita 40. Chonga kwa tezo au panga, kisha randa, na umalize kwa kipande cha chupa iliyovunjika, ambacho hukwangua nyuzi kwa ulaini usioupata haraka kwa msasa. Umbo liwe la yai, si la duara, ili kiganja kijue makali yanaelekea wapi bila macho kutazama. Acha fundo mwishoni la kuzuia mkono usiteleze. Na usiogope kuupunguza. Mpini mnene unaonekana wa nguvu, lakini haupindi hata kidogo, na mshindo wote unahamia viwikoni.

Kuchomeka na kutia kabari

Chora umbo la tundu kwenye ncha ya mpini na uchonge ulimi utakaoingia humo, mrefu kupita tundu kwa nusu sentimita hivi. Kuufikisha kwenye kipimo kamili ni kazi ya kuingiza na kutoa. Paka masizi ndani ya tundu, sukuma mpini, utoe, na utaona alama nyeusi mahali panapogusa. Hapo, na hapo tu, ndipo pa kupunguzwa kwa tupa ya mbao. Rudia mpaka masizi yaenee pande zote. Hakuna hatua inayochosha kuliko hii, wala inayolipa zaidi, kwa sababu kabari haiwezi kufidia ulimi uliochongwa vibaya.

Namna ya kuusukuma mpini ndani huwashangaza wanaoiona mara ya kwanza. Shoka haliwekwi chini. Mpini hushikwa wima kwa mkono mmoja, shoka likiwa upande wa chini likining'inia hewani, kisha kitako cha mpini kinagongwa kwa nyundo ya mbao. Kila pigo linausukuma mpini kwenda chini, na kichwa, kwa uzito wake, kinabaki nyuma. Hivyo mpini unazidi kuzama tunduni. Kabla ya kukaza kabisa, tazama kutoka kitakoni kwa jicho moja. Makali na mpini viwe kwenye mstari mmoja. Kisha lisimamishe shoka mezani, makali na kitako cha mpini vikigusa meza: makali yaguse karibu na katikati, au chini yake kidogo upande wa mshikaji. Yakigusa kwenye ncha moja tu, rekebisha ulimi sasa, kwa kuwa baada ya kabari hakuna marekebisho.

Toa mpini mara ya mwisho na uukate mkato wa msumeno kwenye ulimi, kufuata urefu wa tundu, kina chake kikiwa theluthi mbili za ulimi. Kabari iwe ya mti mkavu na laini kidogo kuliko mpini. Kipande cha mbao ya paini, ya aina ile inayotoka Sao Hill, Mufindi, kinafaa sana kwa sababu kinabonyea na kuujaza mkato. Upana wake ulingane na urefu wa tundu, unene wa juu milimita nane hadi kumi, ukipungua polepole hadi ncha nyembamba. Kabari iliyochongoka ghafla hurudi juu kila inapopigwa. Isipakwe mafuta wala sabuni, maana kinachoishikilia ni msuguano.

Rudisha mpini, pigilia kabari taratibu kwa mapigo ya katikati, na usikilize. Sauti hubadilika kutoka ya mti mtupu hadi nzito, na kabari hugoma kuingia. Acha hapo. Kata kilichozidi lakini usisawazishe na chuma. Bakiza milimita tatu au nne zikitokeza juu, ambazo zitatanuka kidogo nje ya tundu na kukizuia kichwa kisichomoke. Kabari ya chuma ya kuongezea si ya lazima. Ipo kwa ajili ya dharura ya baadaye, na anayeitia siku ya kwanza ameitumia akiba yake mapema.

Mashoka yenye mkia

Maelezo yote hayo ni ya shoka lenye tundu. Shoka la kienyeji, ambalo bado hufuliwa na wahunzi wengi kuanzia Tanzania hadi Kongo, limejengwa kinyume: bamba la chuma lina mkia uliochongoka, na mkia huo hupenya kwenye kichwa kinene cha mpini. Watu husema chuma chake ni laini, lakini si lazima iwe hivyo. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha uchunguzi wao kuhusu tanuri za Wahaya, Kagera, wakionyesha kwamba wahunzi wa huko walijua kuzalisha chuma chenye kaboni kwa utaalamu wao wenyewe.

Shoka la mkia halitaki kabari, kwa kuwa kila pigo linausukuma mkia ndani zaidi. Linalohitaji ni mti usiopasuka, na kwa hiyo mpini wake huchongwa pale tawi linapoungana na shina au kwenye shina karibu na mzizi, mahali ambapo nyuzi zimesukana. Toboa tundu jembamba kuliko mkia, kisha pasha mkia peke yake na uunguze njia. Bamba lizungushiwe matambara yaliyolowa wakati wote huo ili joto lisifike kwenye makali. Mkia utokeze nyuma kidogo, ili siku ya kuutoa upate pa kugonga.

Mafuta na siku za kwanza

Mpini mpya upakwe mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanayopatikana kwenye maduka ya rangi. Paka, subiri, futa yaliyozidi, na urudie kwa siku kadhaa. Mafuta ya nazi hayakauki kwenye mti. Yanabaki yakiteleza na baadaye hunuka. Yawekee chuma. Vanishi nayo huiletea malengelenge mikono inayofanya kazi ya kutwa, kwa hiyo hata mpini wa dukani ukwanguliwe vanishi yake kwanza. Matambara yenye mafuta ya kitani yasikunjwe na kutupwa pembeni, kwa kuwa hujipasha yenyewe hadi kuwaka. Yatandaze nje yakauke, ndipo uyatupe.

Liache shoka lipumzike usiku mmoja kabla ya kazi. Siku ya kwanza chanja kuni nyepesi, pasiwe na mtu mbele wala nyuma yako, na kila baada ya muda tazama juu ya tundu kama kabari imepanda au kichwa kimesogea. Kabari ikipanda, igonge irudi. Kichwa kikisogea, simamisha kazi ukarudie ulimi. Jioni lifute, lipake mafuta, na uliweke ndani, mbali na jua na mbali na jiko. Na jirani akija kuliazima, mpe, lakini mwonyeshe kisogo na umwambie wazi kwamba hiyo si nyundo.